Opiyo, Odongo na Diski Moja

Jumatatu, 9 Juni

Nimelala kazini tena. Si kosa langu. Chumba cha seva ndicho mahali pekee Kisumu penye baridi ya kistaarabu, na kiyoyozi kinavuma taratibu mpaka macho yanafumba yenyewe. Nimeota niko studio, hedifoni kichwani, dirisha limefunguka na ziwa limeingia polepole hadi miguuni. Sauti yangu nzito, tamu. Kina mama wote kuanzia Dunga hadi Asembo Bay wameacha kupara samaki ili wanisikilize. Nikaamshwa na Wangechi, prodyuza wetu. Alitaka kujua kwa nini printa haifanyi kazi. Haifanyi kazi kwa sababu nimechomoa waya wake nichaji simu. Sikumwambia.

Habari kubwa! Mama Rosa Okinyi anastaafu. Jumamosi hii ndiyo mara yake ya mwisho kuongoza "Uliota Nini?", kipindi ambacho kwa miaka kumi na minne wasikilizaji wamekuwa wakipiga simu kusimulia ndoto zao. Bwana Oketch, meneja wa stesheni, anatafuta mrithi. Anayetaka atengeneze kipindi cha majaribio cha dakika tano, akiweke kwenye mtambo kufikia Alhamisi asubuhi. Wangechi akainua mkono. Mimi nikainua miwili.

Bwana Oketch akanikumbusha kwamba mimi ni mtu wa kompyuta. Nikamjibu kwamba hata Yosefu alikuwa mtu wa gerezani kabla hajafasiri ndoto za Farao. Watu wakacheka. Mama Rosa hakucheka. Alinitazama kwa upole, kama fundi anayempima mtu suti na kuona kitambaa hakitoshi.

Kisha akaomba jambo moja. Jumamosi atamalizia kwa sauti ya marehemu mama yake, ambaye sisi wote tunamwita Dani, yaani bibi. Alirekodiwa nyumbani kwake Asembo Bay akisimulia ndoto hadi akacheka, na ndoto hiyo ndiyo iliyofungua kipindi mwaka ule wa kwanza. Wiki tatu baadaye Dani akafariki. Sauti yake nyingine haipo duniani. Mama Rosa akaniuliza kama iko salama. Nikamwambia, Mama, wewe lala usingizi. Iko kwa Opiyo na Odongo.

Jumanne, 10 Juni

Niandike kuhusu Opiyo na Odongo, maana siku moja nitakuwa maarufu na shajara hii itasomwa na watu wasiojua.

Ni mashine pepe mbili. Kompyuta zisizo na mwili, zinazoishi ndani ya kompyuta moja kubwa ya chuma iliyo hapa chumbani kwangu. Opiyo hurusha matangazo hewani. Odongo humwangalia tu, na Opiyo akianguka anashika yeye. Wote wawili wanakula kwenye diski moja: muziki, matangazo ya biashara, ndoto zote za miaka kumi na minne. Ghala moja, milango miwili.

Mzee Oduor ndiye aliyewapa majina kabla hajastaafu akaenda kulima Maseno. Pacha! Akaniachia karatasi ukutani yenye mistari mitatu. Wa kwanza: anachofanyiwa mmoja afanyiwe na mwenzake, usimpige picha mmoja peke yake. Wa pili: kabla ya kazi yoyote kubwa zima wote wawili. Wa tatu: diski ya pamoja inakiliwe kivyake, kwanza, siku zote. Ndivyo pacha wanavyolelewa kwetu. Ukimnunulia mmoja shati, umenunua mashati mawili. Lakini hawa ni kompyuta! Hawana hata shingo. Mstari wa tatu nimeufunika kwa kalenda, kwa sababu msumari ulikuwa hapo.

Sasa mpango wangu. Nahitaji mahali pa faragha pa kutengenezea kipindi changu, na Wangechi habanduki studio. Nitatoa nakala ya Opiyo. Ndani ya nakala nitafanya nitakalo, hakuna wa kuniona. Na kwa usalama nitampiga Opiyo picha kwanza. Picha hii si ya sura. Mtambo unakumbuka jinsi mashine ilivyokuwa dakika hiyo, na ukiharibu kitu unairudisha palepale, kana kwamba hukukosea. Ningekuwa na kitu kama hicho siku nilipomwambia mchumba wangu Debra kwamba dada yake ndiye mrembo, leo ningekuwa na watoto watatu.

Saa nane mchana mtambo ukakataa! Ukaandika kwamba Opiyo ana diski ya pamoja, na diski ya pamoja haipigwi picha. Labda niiweke kando. Haya. Nikamzima Opiyo. Odongo akashika, hakuna msikilizaji aliyejua. Nikaiweka diski kando ya picha kwa tiki moja ndogo, bila kumnyang'anya Opiyo, nikamwasha Opiyo tena. Picha ikapita. Alama ya kijani! Nikajipigia makofi peke yangu. Ni picha ya Opiyo bila ghala lake, lakini ni nani anayekwenda kupigwa picha akiwa amebeba ghala?

Nikasinzia kidogo. Nikaota magugu ya ziwani yana masikio, na yote yamegeuka upande wangu.

Jumatano, 11 Juni

Amezaliwa! Nakala nimeiita Okello, kwa sababu anayezaliwa baada ya pacha ni Okello, na mimi si mtu wa kuvunja mila. Mzee Oduor angejivunia.

Mtambo uliuliza swali moja tu. Je, Okello apewe diski yake mwenyewe, yenye nakala ya kila kitu, au aunganishwe na ileile ya kaka zake? Kunakili, saa sita. Kuunganisha, sekunde tatu. Saa sita! Na kipindi kinatakiwa kesho asubuhi. Nikaunganisha. Mtoto mdogo hula sahani moja na kaka zake. Mimi nilikua hivyo na sikufa.

Nikaingia ndani ya Okello nikafunga mlango wa chumba. Kimya kizuri ajabu. Nilijihisi niko chini ya maji, mahali penye mwanga wa kijani, na juu huko watu wanapita na mashua zao bila kujua kwamba mtu mkubwa anatayarishwa. Nikarekodi kipindi changu kwa mara ya arobaini na mbili. (Zile arobaini na moja za mazoezi ziko kwenye diski ya nje, ile iliyokuwa ikiweka akiba ya stesheni kila Ijumaa. Niliifuta mwezi wa tatu. Ilikuwa imejaa, na mimi nilikuwa na kitu cha kusema.) Nimesimulia ile ndoto ya ziwa kuingia studio. Nimeongeza mwezi na mwanamke.

Kisha nikafungua kipindi cha Wangechi. Kusikiliza tu! Ni kizuri. Naandika neno hilo kwa uchungu. Amemhoji mama mmoja wa Sondu, muuza omena, dagaa wa ziwani, anayeota kila mwezi kwamba mto umebeba kiatu chake, halafu unamrudishia cha mtu mwingine. Wangechi hasemi mengi. Anauliza "Halafu?" na kunyamaza, na wewe unajikuta umeinamia spika. Nilisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilimwona yule mama amesimama mtoni na kiatu kisicho chake, kikubwa, cha mwanamume, na nikataka sana kujua ni cha nani.

Ndipo wivu ukanipanda. Na kwa kuwa humu ndani ya Okello ni mchezo tu, niliivuta sauti ya Wangechi ikawa ya fahali. Kila alipouliza "Halafu?" nikatia mlio wa chura. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikahifadhi, maana kazi nzuri haitupwi. Nikaenda nyumbani nikalala fofofo.

Alhamisi, 12 Juni

Mungu wangu!

Bwana Oketch ameamua vipindi vya majaribio virushwe hewani, saa nne asubuhi, wasikilizaji wachague wenyewe. Hakutuambia. Changu kilitangulia. Nilisimama mlangoni mwa studio, mkono kifuani, macho nimeyafumba. Kikaisha. Kikaja cha Wangechi. "Halafu?" kwa sauti ya fahali. Chura.

Wangechi akasimama polepole. Akavua hedifoni. 

Imewezekanaje? Nilihariri kwa Okello, si kwa Opiyo! Mbio hadi chumba cha seva. Nikaangalia, nikaangalia tena, na hapo nikaelewa. Okello hana ghala. Ghala ni lilelile. Nilichohifadhi kwa Okello nimehifadhi kwa Opiyo na kwa Odongo. Tena masikini Okello, mlangoni nimemwandika jina lake, lakini ndani anajijua kuwa yeye ni Opiyo. Amenakiliwa mpaka na jina. Opiyo wawili wanaingia ghala moja, na kila mmoja anashangaa nani amehamisha vitu.

Sikuogopa. Dawa ninayo! Nikamrudisha Opiyo kwenye picha ya Jumanne. Alama ya kijani. Nikafungua kipindi cha Wangechi nikiwa na amani moyoni.

Chura.

Nikarudia. Chura yuleyule. Ile diski niliyoiweka kando ilikuwa bado imekaa kando. Picha ilikuwa ya Opiyo, na chura hakuwa ndani ya Opiyo.

Matokeo ya wasikilizaji: kipindi changu, simu nne. Mmoja wa hao wanne aliuliza bei ya kutangaza harambee. Kipindi cha Wangechi, simu mia mbili na kumi na sita! Mzee mmoja wa Sondu alisema hiyo ndiyo ndoto ya kweli ya kwanza kuisikia redioni, kwa sababu ndotoni watu hawazungumzi kwa sauti zao. Wangechi ameshinda kwa chura wangu! Bwana Oketch akampongeza kwa ubunifu. Wangechi akasema wazi kwamba si kazi yake, mtu ameiingilia. Akawa ananitazama. Nikamwuliza kama printa imepona.

Saa kumi akaja chumbani kwangu, akasimama katikati ya baridi amekunja mikono. "Obonyo, mimi siwezi nyamaza na hii maneno. Kesho saa tisa kuna fundi anakuja kukagua hii mitambo yote. Mwenye alifanya hii kitu atajulikana." Nikamwambia hiyo ni hatua nzuri sana. Alipotoka nikafunga mlango kwa ufunguo.

Ijumaa, 13 Juni

Okello lazima aende. Yeye ndiye ushahidi.

Na safari hii nimefuata karatasi ya Mzee Oduor neno kwa neno! Isipokuwa mstari ulio nyuma ya kalenda. Nilingoja saa saba mchana, tunapounganishwa na taarifa ya habari kutoka nje, dakika ishirini zisizomhitaji Opiyo. Nikamzima Opiyo. Nikamzima Odongo. Pacha wamelala pamoja, kama inavyotakiwa. Nilijisikia mtu mwadilifu, karibu mzee wa kanisa. Kisha nikamzima Okello, nikabonyeza Futa.

Mtambo ukauliza: afutwe pamoja na diski zake zote? Nikasema ndiyo. Mtu akihama, si anahama na vyombo vyake? Sikutaka kubakiza hata kijiko. Ukauliza tena kama nina hakika. Nikabonyeza kwa nguvu, ili unijue.

Sekunde mbili. Okello hayupo.

Nikamwasha Opiyo. Akaamka mzima, anajua saa, anajua tarehe. Akauliza diski iko wapi. Nikamwasha Odongo. Naye akauliza diski iko wapi.

Nikakaa sakafuni.

Mmoja wao angekuwa macho, angeishikilia diski, na mtambo ungekataa kuifuta. Lakini wote walikuwa wamelala, kwa sababu mimi niliwalaza. Mara ya kwanza maishani mwangu kufuata maagizo, na tazama! Nikarukia ile picha ya Jumanne. Ikanipa Opiyo mwenye afya njema, asiye na chochote. Nikaichomoa diski ya nje ya akiba kabatini nikaisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi. Mimi. Mimi. Mara arobaini na moja.

Hewani, Wangechi alichomeka simu yake mwenyewe na kucheza nyimbo za kwaya alizokuwa nazo. Fundi alikuja saa tisa, akatazama dakika tano, akavua miwani na kuifuta. Akajaribu kufufua mpaka saa kumi na mbili jioni. Kilichopatikana ni nusu ya tangazo la sabuni. Akatuwekea diski mpya, tupu, akawaunganisha Opiyo na Odongo nayo, akaenda zake bila kunywa chai.

Nilikwenda kumwambia Mama Rosa mwenyewe. Njiani nilikuwa nimetayarisha kisingizio cha umeme. Nilikuwa na radi. Nilikuwa na panya pia, kwa dharura. Nikamkuta ameketi kwenye ngazi za nje, anatazama upande wa ziwa, ambako mvua ilikuwa imesimama juu ya maji bila kutufikia. Akatabasamu. Akaniuliza Dani ameamkaje leo.

Umeme ukanitoka kichwani. Nikasema ukweli wote.

Hakunigombeza. Alivua viatu, akavishika mkononi. Kisha akauliza: hata kicheko? Nikasema hata kicheko, Mama. Akasema, "Haya." Akaondoka pekupeku hadi langoni, viatu mkononi, na mlinzi akamfungulia bila kumsalimia kwa sababu alimwona uso. Sijawahi kuona aibu namna hii. Nimeiandika ili isinitoke.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tatu asubuhi. Ukungu ziwani, mji mzima kana kwamba haujaamua kuamka. Nilijua sitakiwi studio, nikasimama nje ya kioo.

Mama Rosa akasalimia wasikilizaji kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo, kama kawaida yake. Akasema: "Leo niliwaahidi sauti ya mama yangu. Hiyo sauti haiko tena. Kijana wetu wa kompyuta, Obonyo, ameipoteza. Amekuja kuniambia mwenyewe." Jina langu! Redioni! Mara ya kwanza! Na katika sentensi hiyo!

Kisha akaisimulia ndoto ya Dani kwa mdomo wake. Dani aliota ziwa limekauka. Kina mama wanapanda viazi vitamu kwenye sakafu yake, udongo laini, mweusi, na samaki wanatembea barabarani kwa adabu wakiuliza njia. Dani akamsimamisha mbuta mmoja mkubwa, mnene, akamwuliza unakwenda wapi, Baba. Mbuta akasema: nakwenda kuwaamsha wanaoniota, wamelala sana. Hapo, kwenye rekodi, Dani alikuwa akicheka. Sekunde kumi na moja. Hakuna mtu wa pande hizi asiyekijua kicheko hicho.

Mama Rosa alipofika hapo akakwama. Redio kimya. Sekunde tano, kumi. Wangechi hakuweka muziki. Aliinamia maikrofoni yake akasema neno moja taratibu, kwenye hedifoni za Mama Rosa peke yake, na mimi nikalisoma midomoni mwake: halafu?

Mama Rosa akasema, halafu mama alicheka. Mimi siwezi kumchekea. Kama kuna mtu anakikumbuka kicheko chake, anipigie.

Simu zikaanza! Fundi baiskeli wa Kondele akacheka. Mama Rosa akasema hapana, Baba, hicho ni cha mbuzi, asante, anayefuata. Wanafunzi sita wa Maseno wakacheka pamoja kwa spika moja. Hapana. Mwalimu mstaafu alitoa kwanza salamu kwa uongozi wote wa stesheni, kisha akacheka akipumzika kwenye mikato. Hapana, Mwalimu. Mtoto mdogo alicheka vizuri lakini akashindwa kuacha, mama yake akakata simu. Mhubiri. Hapana. Bwana Oketch alipiga kutoka ofisini kwake, mita sita, akijifanya anaitwa Griffins wa Nyalenda. Hapana, Oketch. Saa nzima ya vicheko vibaya! Mama Rosa akawa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na bado anakataa, kila kimoja anakataa, na kutoka mitaa yote ya chini yetu nilisikia watu wakijaribu.

Dakika nne kabla ya mwisho ikaja simu kutoka Asembo Bay. Sauti kavu ya mwanamke mzee. Hakusema jina. Alisema yeye na Dani walianika omena pamoja tangu wasichana, wakagombana mara mbili tu. Akacheka. Kilianza chini kabisa, kikakwama kidogo njiani, kisha kikafunguka chote. Mama Rosa akaweka viganja vyote viwili mezani. Nilihesabu. Sekunde tisa.

"Rudia, Mama," alisema Mama Rosa. "Tafadhali, rudia."

Akarudia.

Nililia. Nasema bila kuficha. Nililia kwa kwikwi nyuma ya kioo mpaka Wangechi akaja kunifungia mlango wa pili.

Jumatatu, 16 Juni

Wangechi amepewa kipindi. Ni haki yake. Nimempa mkono. Akauliza kama nimenawa.

Sikufukuzwa! Mama Rosa aliniombea. Alimwambia Bwana Oketch kwamba mtu aliyesema ukweli mara moja anaweza kusema mara ya pili, apewe muda. Nilishukuru. Kisha nikamweleza Bwana Oketch jambo ambalo naona watu hawajalitafakari: kipindi cha Jumamosi ndicho bora kuliko vyote vya miaka kumi na minne, na bila mimi kisingekuwepo. Bwana Oketch akaniomba nitoke ofisini kwake.

Adhabu yangu ni kuandika masharti ya mitambo upya, kwa herufi kubwa, na kuyasaini mbele ya Wangechi. Nimeandika. Opiyo na Odongo hawaguswi mmoja mmoja. Picha ya mashine haina diski ya pamoja ndani yake, kwa hiyo diski inakiliwe kivyake. Nakala yoyote ipewe diski yake au isipewe kabisa. Kabla ya kufuta kitu, uliza ni cha nani. Nimesaini mara mbili, kwa hiari. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sasa ni mtu mwingine.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Kipindi cha Jumamosi kiko kwenye diski mpya, nakala moja tu. Wangechi amekwenda Maseno kumwomba Mzee Oduor aje atusaidie. Akirudi Jumatano atakiweka kwenye flashi, na Mama Rosa ataondoka nacho kwenda kuishi Asembo Bay. Amesema atakuwa akimsikiliza yule mama kila asubuhi akinywa chai.

Jumanne, 17 Juni

Nimekisikiliza kipindi leo chumbani kwangu, kiyoyozi kikivuma. Kitamu. Isipokuwa pale mwanzo. "Kijana wetu wa kompyuta, Obonyo, ameipoteza." Sekunde nne.

Nikafikiria. Kila asubuhi! Chai inamiminwa, ukungu unainuka majini, na jina langu linatajwa hivyo. Wajukuu wataletwa kumsikiliza mama huyo. Wataukuta upotevu wangu kwanza, kicheko baadaye. Mwanamume ataoaje pande za Asembo?

Nikasinzia. Dani mwenyewe akaja, akakaa juu ya kompyuta kubwa, miguu inaning'inia, ametoka majini na hajalowa. Nikamwuliza kama naweza kuzitoa hizo sekunde nne. Akatikisa kichwa, tena na tena. Ndotoni kutikisa kichwa ni kukubali. Kila anayesikiliza kipindi chetu anajua.

Kuwazima wote wawili hakuwezekani, tuko hewani na Bwana Oketch ana redio mezani. Lakini Odongo hana kazi, anakaa tu akimwangalia mwenzake. Nitaingia kwa Odongo peke yake. Nitakata sekunde nne, nitahifadhi, nitatoka.

Na safari hii sifanyi mambo kienyeji. Nimempiga picha kwanza. Mtambo ulikataa kidogo kwa sababu ya diski ya pamoja, nikaiweka kando.

Alama ya kijani. Opiyo hatajua.